Shamsul Maarif: kitabu cha mikono mingi

Mwaka 1225, katika eneo la makaburi ya Qarafa jijini Kairo, kundi dogo la watu lilikaa na sheikh kutoka Maghribi kusikiliza kitabu chake kikisomwa. Sheikh huyo ni Ahmad al-Buni, mzaliwa wa Buna, mji wa bandari ambao leo unaitwa Annaba, nchini Algeria. Kitabu kilieleza majina mazuri ya Mwenyezi Mungu, na kumbukumbu ya usomaji huo iliandikwa kwenye hati ambayo imehifadhiwa Istanbul mpaka sasa.

Wanafunzi wake walimjua kama sufi. Sisi tunamjua kwa sababu ya Shamsul Maarif, kitabu kinachotajwa kwa kunong'ona kuanzia Moroko hadi Indonesia, na kwetu pia, Lamu, Mombasa na Unguja. Wapo wanaosadiki kwamba ukikifungua bila idhini ya mwalimu utapandwa na majini. Hofu hiyo imeficha swali ambalo lingepaswa kuulizwa mwanzo: ni nani hasa aliyekiandika?

Elimu aliyofundisha al-Buni ilihusu herufi. Katika hesabu ya abjadi kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: ya kwanza ni 1, ya pili 2, mpaka ya mwisho yenye 1000. Kwa hesabu hiyo Bismillahi nzima hujumlishwa kuwa 786, na ndiyo maana Waislamu wengi wenye asili ya Bara Hindi huandika nambari hiyo juu ya barua na kwenye maduka yao. Kwa al-Buni, ulimwengu uliumbwa kwa neno la Mungu, kwa hiyo herufi zimebeba siri ya uumbaji. Aliyejitakasa kwa saumu, khalwa na dhikri ndiye aliyetarajiwa kufunuliwa siri hiyo.

Pamoja na herufi kulikuwa na majedwali. Lililo maarufu zaidi lina vyumba tisa vyenye nambari 1 hadi 9, zimepangwa ili kila safu, iwe ya kulala, ya kusimama au ya mshazari, ilete 15. Jedwali hili halikuanza na al-Buni. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba lilitumika kumsaidia mwanamke aliyeshikwa na uchungu mzito: liliandikwa kwenye vipande viwili vya kitambaa kisichowahi kuguswa na maji, mzazi akavitazama, kisha akaviweka chini ya nyayo. Ghazali alilitaja kuonyesha kwamba yapo mambo ambayo akili peke yake haiwezi kuyaeleza. Mwanachuoni wa daraja yake hakuona aibu kulizungumza hadharani.

Baada ya al-Buni kufariki, vitabu vyake vilipita kwa siri baina ya wanafunzi wachache. Kufikia karne ya 14 siri ilikuwa imetoka. Nakala ziliongezeka, na elimu ya herufi ikaingia ikulu. Zama za Sultani Barquq, aliyeanza kutawala Misri mwaka 1382, tabibu Husayn al-Akhlati aliheshimiwa Kairo kwa ujuzi wake wa mambo ya siri. Katika jiji hilohilo Ibn Khaldun alikuwa kadhi, naye katika kitabu chake cha mwaka 1377, Muqaddima, alikuwa ameshamtaja al-Buni kwa jina na kuiingiza elimu yake katika mjadala wa sihiri. Hoja na pingamizi zilitolewa na wasomi wakubwa wa zama zao, kwa kalamu na mbele ya watawala.

Kitabu kinene kinachouzwa leo, Shamsul Maarif al-Kubra, kina milango 40. Watafiti waliolinganisha hati za kale, akiwemo Mmarekani Noah Gardiner, wameonyesha kwamba kilikusanywa kama karne nne baada ya al-Buni, katika karne ya 17. Silsila za masheikh zilizomo zinataja watu walioishi baada yake, jambo ambalo yeye asingeweza kuliandika. Wanakili walichukua maneno yake, wakayachanganya na ya wengine, wakaongeza dua, majedwali na azima, kisha wakaacha jina lake juu.

Karne ya 19 mitambo ya chapa ya mawe ya Kairo na Bombay ilikitoa kwa bei nafuu. Idhini ya mwalimu haikuwa sharti tena, pesa ilitosha. Vitabu vya namna hiyo, pamoja na kile cha falaki kinachonasibishwa na Abu Maashari, vilifika pwani ya Afrika Mashariki na kuwa nyenzo za waganga wa kitabu. Humo walipata buruji, saa za sayari na majedwali ya hirizi, na wakavitumia pamoja na kombe, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, kisha zikaoshwa kwa maji ambayo mgonjwa huyanywa.

Sidai kwamba yaliyomo ni ya kufuatwa. Wanachuoni wengi wameyakataa kwa hoja nzito, na wapo matapeli wanaoyatumia kuwanyang'anya wagonjwa mali zao. Lakini tapeli hunufaika pale kitabu kinapokuwa fumbo. Anayejua kwamba karatasi hizo ziliandikwa, zikaongezwa na kuuzwa na binadamu kama yeye hatishiki kirahisi.

Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimeshapigwa picha za kidijitali ili zisipotee, na Nyaraka za Taifa Zanzibar zinahifadhi hati za Kiarabu za fani nyingi. Majumbani bado yamo masanduku ya wazee yenye vitabu vya falaki, tiba na ramli, na mchwa hawasubiri. Familia yenye sanduku kama hilo isilichome kwa hofu, wala isimuuzie mpita njia. Iwaite wanaojua kusoma hati hizo, zipigwe picha na kuorodheshwa, kwa sababu bila karatasi hizo hatutaweza kueleza wazee wetu waliamini nini, waliogopa nini, na walijitibu vipi.