Macho ya Jirani

Ninapowasikia vijana wakijadili maadili ya viongozi, mara nyingi huyazungumza kana kwamba ni jambo lililoingia nchini pamoja na vyama vingi. Sivyo. Nchi yetu imekuwa ikitafuta namna ya kuwachunga viongozi wake tangu nilipokuwa mwanafunzi. Mengi katika safari hiyo nimeyaona kama mtazamaji tu, lakini moja nilishiriki. Hilo nitalieleza hapa, ingawa halinipi sifa.

Mwaka 1967 nilikuwa kijana wa miaka 16. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Wengi hukumbuka kutaifishwa kwa mabenki. Sisi wa mji mdogo, ambao hata benki hatukuwa nayo, tulizungumza zaidi juu ya Masharti ya Uongozi. Yalikuwa machache, na mtu asiyejua kusoma aliweza kuyakariri: kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asijihusishe na ubepari wala ukabaila, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya watu binafsi, asipokee mishahara miwili, asimiliki nyumba ya kupangisha.

Tena kiongozi hakuwa waziri au mbunge peke yake. Diwani alihesabiwa, na mtumishi wa serikali wa ngazi ya kati naye alihesabiwa. Mume na mke walichukuliwa kuwa kitu kimoja, ili mali isihamishwe kutoka mfuko huu kwenda mfuko ule ndani ya chumba kimoja.

Baada ya miaka mingi ya kufikiri nimetambua kilichoyapa masharti hayo nguvu, hasa lile la nyumba. Halikuhitaji mkaguzi kutoka Dar es Salaam. Katika mji wetu kila mtu alijua nyumba ipi ni ya nani, nani anakaa humo, na kodi hulipwa kwa nani. Mwuza maandazi alijua, na watoto wa shule tulijua. Sheria ilikuwa imewekwa mahali ambapo macho ya jirani yanafika.

Sisemi kwamba mambo yalikuwa safi. Wako walioandikisha nyumba kwa majina ya shemeji na wajomba. Wako waliochongewa kwa sababu ya wivu tu. Na usimamizi wenyewe ulikuwa wa viongozi kuwachunguza viongozi wenzao, na wahenga walishasema juu ya kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kuunda kamati ya kusimamia masharti hayo, jambo linaloonyesha kwamba miaka sita ya kutegemea dhamiri haikutosha.

Chombo kingine cha wakati ule ni Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza mwaka 1966 chini ya mwenyekiti wake wa kwanza, Erasto Mang'enya. Ilikuwa miongoni mwa tume za mwanzo kabisa za aina yake barani Afrika. Wajumbe wake walizunguka mikoani kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi waliotumia madaraka vibaya. Kwa mkulima aliyezoea kusimama nje ya dirisha la ofisi akiambiwa arudi kesho, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini Tume haikuwa na rungu. Ilichunguza, kisha ikampelekea Rais taarifa na mapendekezo. Aliyelalamika alirudi shambani kwake kusubiri. Tume hiyo ilidumu hadi mwaka 2001, nafasi yake ilipochukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Katikati ya hayo yote lilitokea jambo ambalo halisemwi sana. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, ukaja mpango wa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri, ila madaraka yenyewe yalishuka pamoja na maofisa kutoka juu. Diwani, ambaye mwananchi aliweza kumkamata sokoni na kumwuliza, hakuwepo tena. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984. Zilirudi mikono mitupu, na watu walikuwa wamekwisha kusahau mazoea ya kuhoji.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijiji kimoja. Wazazi walikuwa wamefyatua matofali na kusimamisha madarasa mawili hadi kwenye mtambaa wa panya. Kilichobaki ni mabati, na mabati siku zile yalikuwa adimu kama dhahabu. Halmashauri ikatuahidi 60.

Lori lilifika jioni. Tuliyahesabu mimi na mwalimu mwenzangu, mara mbili. Yalikuwa 42. Hati ya kupokelea iliandikwa 60. Karani aliyefuatana na lori akanieleza kwa upole kwamba yaliyosalia yangeletwa wiki ijayo, ila hati ilitakiwa irudi siku ileile, maana mkubwa aliisubiri. Nikatia sahihi.

Wiki iliyofuata haikuleta kitu. Baada ya mwezi, nyumba ya mkubwa mmoja pale senta ilipata paa jipya lililong'aa hata ukilitazama kutoka kilima cha shule. Sikuwa na ushahidi kwamba mabati yale ni yetu, na hadi leo sina. Nilichokuwa nacho ni sahihi yangu kwenye karatasi ya uongo.

Ulipofika mkutano wa kijiji, mzee mmoja aliyekuwa amefyatua matofali mengi kuliko sisi sote alisimama akaniuliza, "Mwalimu, mabati yaliyokuja ni mangapi?"

Nikajibu, "Mzee wangu, hati inasema sitini."

Akanitazama kidogo. "Sikuuliza karatasi," akasema, akaketi.

Hakuna aliyeongeza neno. Nilikuwa na watoto wanne na niliogopa uhamisho. Hiyo ni sababu, wala si udhuru. Darasa moja liliezekwa. La pili lilikaa wazi masika mbili, kuta zikaanza kumomonyoka, na watoto wa darasa la tatu waliendelea kusoma chini ya mwembe.

Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya 1967. Hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha zikawa halali kwa wanachama na viongozi. Miaka minne baadaye ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, namba 13 ya mwaka 1995, pamoja na Sekretarieti ya kuisimamia. Kiongozi anatakiwa kutoa tamko la mali na madeni yake ndani ya siku 30 baada ya kushika madaraka, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Mameya, wenyeviti wa halmashauri, madiwani na wakurugenzi wamo.

Siidharau sheria hii. Kutaka kila kiongozi awe maskini hakukuwa lengo linalodumu, na kumtaka aeleze alichonacho ni haki. Lakini tazama safari ya lile tamko. Diwani wa kata yangu anajaza fomu, fomu inakwenda ofisini. Sheria inamruhusu mwananchi kulikagua daftari kwa masharti yake, ila sijamwona mwanakijiji aliyewahi kufunga safari hiyo. Majirani wanaojua ng'ombe zake na viwanja vyake hawajui alichoandika. Ofisi inayojua alichoandika haijui ng'ombe zake. Nusu mbili za ukweli zinakaa mbalimbali.

Hapo ndipo usimamizi wa maadili unapokwama. Hatukosi vyombo. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria, na unapaswa kukutana kila miezi mitatu. Mapato na matumizi yakisomwa pale kwa sauti, na tarakimu zikabandikwa ubaoni mahali watu wanapochota maji, kazi kubwa itakuwa imefanyika kabla mchunguzi yeyote hajapanda gari. Lakini inahitaji mtu wa kuuliza, na mtu wa kujibu alichokiona kwa macho yake.

Tangu nilipostaafu huhudhuria kila mkutano wa kijiji, nikauliza. Vijana wa ofisi wananiona msumbufu, nami nimekubali jina hilo. Mzee yule alifariki zamani, kabla sijapata moyo wa kumwendea. Jibu lake ninalo. Mabati yalikuwa 42.