Sarajevo: Milima ya Michezo, Milima ya Mizinga

Ukipanda gari la kebo kutoka Sarajevo kwenda mlima Trebević, dakika chache tu paa za mji zinakuwa chini ya miguu yako. Ukishuka na kuingia kwenye misonobari, unakutana na mfereji wa zege unaoteremka mlima kwa kujipindapinda kama nyoka. Kuta zake zimejaa michoro ya rangi za kupuliza, na kuvumwani imeota kwenye nyufa. Karibu na kona mojawapo pana matundu yaliyotobolewa ukutani. Hayo hayakuwa ya mchezo.

Mfereji huo, wenye urefu wa mita 1,300, ulijengwa kwa ajili ya mashindano ya sleji katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 1984. Sarajevo, iliyokuwa Yugoslavia wakati huo, ilipewa uenyeji mwaka 1978 baada ya kuishinda Sapporo ya Japani na Gothenburg ya Sweden. Karibu haikuwa na kiwanja chochote cha michezo hiyo. Ndani ya miaka michache ulijengwa ukumbi wa barafu wa Zetra, minara ya kuruka kwa skii huko Igman, na njia za skii za wanawake Jahorina na za wanaume Bjelašnica. Bjelašnica nako kilele kilipungukiwa mita chache kufikia kimo kinachotakiwa kwa mbio za mteremko. Wajenzi wakasimamisha jengo la mkahawa juu kabisa ya mlima, na wachezaji wakaanzia mbio humo.

Michezo ilianza Februari 8 na kumalizika Februari 19, nchi 49 zikishiriki. Zetra ndiko Waingereza Jayne Torvill na Christopher Dean walikocheza dansi yao maarufu kwenye barafu wakifuata muziki wa Ravel. Lamine Guèye wa Senegal akaingia katika historia kama mwanaskii wa kwanza mweusi kutoka Afrika kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Mwanaskii Jure Franko naye aliipatia Yugoslavia medali yake ya kwanza ya majira ya baridi, ya fedha, na mji mzima ukamshangilia.

Miaka minane baadaye, Yugoslavia ikiwa imevunjika na vita vikiwa vimezuka Bosnia, mji uleule ulizingirwa, kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996. Sifa zilizoupa Trebević nafasi ya kuwa uwanja ndizo zilizoutoa kafara. Ulikuwa karibu na mji, ulikuwa juu yake, na ulikuwa na zege nene la kujikinga. Majeshi ya Waserbia wa Bosnia yaliweka mizinga huko, na matundu yale ya ukutani yakawa ya kufyatulia risasi. Zetra ilishambuliwa kwa makombora ikaungua. Mabaki yake yakatumika kuhifadhi maiti, na mbao za viti vya watazamaji zikachongwa majeneza. Kando ya uwanja wa Koševo, ulikofanyika ufunguzi, kiwanja cha mazoezi kikawa makaburi. Misitu ya milimani ikategwa mabomu ya ardhini.

Hata hivyo, vita vikiwa bado vinaendelea, Bosnia ilipeleka timu ya sleji ya watu wanne kwenye Olimpiki ya Lillehammer mwaka 1994: Wabosnia Waislamu wawili, Mkroati mmoja na Mserbia mmoja, kwenye chombo kimoja.

Amani ilipokuja, kila kiwanja kilipata bahati yake. Zetra ilijengwa upya kwa msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ikafunguliwa 1999. Jahorina na Bjelašnica zinapokea wanaskii hadi leo, kila moja ikiwa upande wake wa mpaka wa kiutawala uliochorwa na mkataba wa amani wa 1995. Minara ya Igman imebaki magofu.

Gari la kebo la Trebević, lililoanza kazi 1959 na kuharibiwa vitani, lilirejea Aprili 6, 2018, tarehe ambayo wenyeji huadhimisha ukombozi wa mji wao mwaka 1945. Abiria wa siku hiyo walipanda kuutazama mji wao kutoka palepale walipokuwa wakitazamwa.