Njia haikuishia Ujiji: thamani ya pwani yetu ya Tanganyika



Kila tunaposhuka kutoka Bukavu kwenda kuona ndugu waliorudi Uvira, Mboko na Baraka, tunarudi na swali lile lile: kwa nini chama cha kusaidiana kijishughulishe na mambo ya kale wakati watu wanakosa mabati? Ni swali la haki. Tunaomba kulijibu kwa historia kwanza.

Pwani tunayosema hapa si ya bahari. Ni ile ya ziwa Tanganyika, toka Uvira mpaka rasi ya Ubwari, kule Fizi. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikatembea zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Ujiji. Wengi wanafikiri safari iliishia pale. Hapana. Pale watu waliingia mitumbwini wakavuka. Njia moja ilifika Mtoa, karibu na Kalemie ya leo, ikaendelea Maniema mpaka Kasongo na Nyangwe. Nyingine ilifuata ziwa kwenda kaskazini mpaka Uvira. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, wafanyabiashara wa pwani ya bahari walikuwa wanapajua tayari, wakinunua pembe na watu. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikuja mpaka mdomo wa Ruzizi, wakaandika kwamba mto unaingia ziwani, hautoki. Wavuvi wa huku walikuwa wanalijua hilo toka zamani. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walijenga Kibanga, upande wa Ubwari, wakakusanya watoto waliokombolewa utumwani.

Kiswahili tunachoandikia barua hii kilitufikia kwa njia hiyo. Uislamu wa Baraka na wa Kasongo vilevile. Na machozi pia. Urithi si kitu cha kujivunia tu.

Tanzania iliweka njia hiyo ya watumwa na pembe kwenye orodha yake ya awali ya UNESCO mwaka 2006, toka Bagamoyo mpaka Ujiji. Kwenye karatasi, njia inaishia majini. Upande wetu, mahali patano pa Kongo palipo kwenye Urithi wa Dunia ni mbuga na misitu: Virunga, Kahuzi-Biega, Garamba, Salonga na Okapi. Pwani ya Fizi haimo. Sheria ya kulinda mali za utamaduni tunayo toka 1971, lakini sheria hailindi mahali ambapo hakuna aliyepaandika.

Kisha kuna historia yetu sisi wenyewe. Mwaka 1996 watu walikimbia kwa maji yale yale kuelekea Kigoma. Vita vya 1998 vikawasukuma wengine. Watoto wakazaliwa Nyarugusu na Lugufu. Toka 2005 maboti yakaanza kuwarudisha watu Baraka. Mama mmoja alitusimamisha ufukweni, akaonyesha mwembe: « Hapa njo tulipandiaka mutumbwi, na hapa njo tulishukiaka. » Hakuna jengo pale, wala kibao. Mtaalamu wa majengo ya kale angepita bila kusimama.

Ndiyo maana tunapenda ile Hati ya Burra, iliyoandikwa Australia mwaka 1979. Inasema mahali panaweza kuwa na thamani kwa uzuri, kwa historia, kwa sayansi, na pia kwa jamii, ni kusema kwa jinsi watu wanavyopashika moyoni. Kupima thamani hiyo hakuhitaji mashine. Kunahitaji kuuliza: nani anakuja hapa, na kufanya nini? Anapaitaje? Pakipotea, atapoteza nini? Nani mwingine anapadai?

Sasa turudi kwenye mabati. Aliyerudi akakuta parseli yake ina mtu, mara nyingi hana karatasi. Mbele ya mzee wa kijiji anataja kaburi la baba, mwembe uliopandwa na babu, mahali familia ilipokuwa inafunga mtumbwi na kuanika ndagala. Hayo njo mashahidi wake. Na mashahidi wanakufa. Wazee wanaondoka, na ziwa lenyewe linapanda. Mwaka 2020 mafuriko yalipiga Uvira vibaya, na miaka iliyofuata maji ya Tanganyika yakaingia nyumba za ufukweni. Kaburi likimezwa na maji bila kuandikwa, mjane anabaki na maneno matupu.

Lakini tuseme ukweli wote. Historia inaweza kuwa panga. Mtu anaweza kuchukua orodha yetu na kusema: sisi tulifika kwanza, nyinyi ondokeni. Pwani hii ni ya Wabembe, Wavira, Wafuliru, Wazoba na wengine waliokuja na misafara au na vita. Kwa hiyo tumejiwekea kanuni: hakuna mahali patakapoandikwa kwa mdomo wa jamii moja tu. Wakipingana, tunaandika masimulizi yote mawili, na hatumpi mtu ushindi. Kaburi linaonyesha kwamba familia iliishi pale. Halionyeshi kwamba jirani hana haki ya kuishi.

Tunachoomba wanachama: kila familia itaje mahali patatu, na jina la zamani la kila mahali, mbele ya jirani wa jamii nyingine. Daftari moja libaki kijijini, nakala ije Bukavu. Kwa wafadhili tunaomba kidogo: madaftari, usafiri, na uvumilivu. Mabati tutaendelea kuyaleta. Lakini bati linahitaji kiwanja, na kiwanja kinahitaji mtu anayekumbuka.