Mtoto wa Nani?

Mwaka jana, kwenye hitima ya bibi aliyenilea, mama mmoja nisiyemjua aliniita pembeni. Aliniangalia usoni kwa muda, kisha akaniuliza swali ambalo kila aliyekulia Mji Mkongwe ashaulizwa: "Weye mtoto wa nani?"

Nikamtajia bibi.

"Huyo kakulea," akasema. "Miye nauliza mtoto wa nani."

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Bibi alinichukua nikiwa na miezi minane. Hatukuwa na udugu wa damu, na jina alilonipa ndilo ninaloandikia mpaka leo. Swali lile nikaondoka nalo. Miezi michache baadaye nilikutana nalo tena, mahali ambapo sikulitegemea kabisa: chini ya mashua, bandarini Malindi, maji yamekupwa.

Nilikuwa nimekwenda kuandika habari za mafundi wa vyombo. Fundi mmoja mzee alikuwa anakwangua ubavu wa mashua kabla ya kupaka deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaokinga mbao. Yalikuwa yanaanguka majani, vigamba, na vifuko laini vya rangi ya udongo, ukubwa wa kidole gumba. Nikabonyeza kimoja. Kikanirushia maji usoni.

"Uchafu tu huo, mwanangu," fundi akacheka. "Unakitia uzito chombo."

Kumbe ule uchafu ni mnyama. Wataalamu humwita asidia. Ana matundu mawili: moja la kuvutia maji, la pili la kuyatolea, na katikati huchuja chakula chake. Haendi popote. Gamba lake laini lina selulosi, kitu kile kile kinachojenga pamba na mbao, jambo la ajabu kwa mnyama. Ukimtazama huoni kichwa, huoni jicho, huoni mgongo. Ndiyo maana kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya walimhesabu pamoja na chaza na konokono.

Aliyeyabadilisha hayo alikuwa Mrusi, Alexander Kowalevsky. Mwaka 1866 alichapisha aliyoyaona baada ya kuyafuatilia mayai ya asidia hatua kwa hatua. Mtoto anayetoka kwenye yai hafanani na mzazi hata kidogo. Ana mkia na anaogelea kama kiluwiluwi cha chura. Ndani ya mkia mna ufito wa seli unaoitwa notokodi, na juu ya ufito huo umepita mshipa mkuu wa neva. Mimi na wewe tulikuwa na ufito huo huo tumboni mwa mama zetu, kabla uti wa mgongo haujajengeka. Mtoto wa asidia huogelea kwa saa chache, pengine siku moja au zaidi kidogo, kisha hujibandika mahali kwa kichwa. Mkia hunywea ndani ya mwili, na maisha ya kifuko yanaanza.

Charles Darwin aliiona maana ya jambo hilo, akaliingiza katika kitabu chake cha 1871 kuhusu asili ya binadamu. Leo uchunguzi wa jeni umelithibitisha: kati ya wanyama wote wasio na uti wa mgongo, asidia na wenzake ndio ndugu zetu wa karibu zaidi. Wako karibu nasi kuliko pweza, na pweza ndiye mwenye akili. Nasaba haifuati sura.

Sasa turudi Unguja. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, Sultani akiwa Hamoud bin Mohammed, mwakilishi wa Uingereza hapa alikuwa Sir Charles Eliot, ambaye pia alikuwa Kamishna wa himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Mtu huyu alikuwa na mapenzi makubwa na konokono wa baharini wasio na gamba, akawaandikia makala kadhaa za kitaalamu huku akiendelea na kazi zake za utawala. Katika mwaka 1901 na 1902 kijana Cyril Crossland alikusanya wanyama wa pwani hii: Unguja, Chwaka, mpaka Wasini upande wa Kenya. Mikusanyo yake ilisafirishwa Uingereza ndani ya spiriti. Kwa miaka kadhaa wataalamu wakawa wanaichambua na kuchapisha ripoti zao katika jarida la Jumuiya ya Zuolojia ya London: minyoo, matumbawe laini, sponji.

Simbezi Crossland. Ripoti zile bado ni msingi kwa anayetaka kujua kilichokuwa kikiishi katika maji yetu miaka zaidi ya mia moja iliyopita. Lakini chupa ya spiriti ina swali moja tu inaloliuliza. Huyu ni wa ukoo gani? Anafanana na nani? Ni lile lile la yule mama wa kwenye hitima.

Miaka hiyo hiyo, ng'ambo ya bahari nyingine, kulikuwa na mtu anayeuliza jingine. Edwin Conklin alikuwa Woods Hole, pwani ya Marekani, na chini ya hadubini yake mlikuwa na yai la asidia lililo hai. Asidia wa aina ile wana bahati kwa mtazamaji: ute wa yai lao una rangi zake wenyewe, na sehemu moja ni ya manjano. Conklin akaifuata ile manjano. Yai likagawanyika mbili, nne, nane, na kila mara manjano ikaangukia seli zile zile. Mwisho wake ikawa misuli ya mkia. Aliyachapisha hayo mwaka 1905. Swali lake halikuwa huyu ni wa nani. Lilikuwa: huyu anakuwaje?

Ubishi juu ya swali hilo ulikuwa umeshaanza. Mwaka 1887 Mfaransa Laurent Chabry alichukua kiinitete cha asidia chenye seli mbili, akaitoboa seli moja kwa sindano nyembamba ya kioo mpaka ikafa. Iliyobaki haikutoa mtoto mzima. Ilitoa nusu. Ikaonekana kwamba kila seli ina yake iliyoandikiwa toka mwanzo. Mwaka 1891 Mjerumani Hans Driesch akazitenganisha seli mbili za kiinitete cha mnyama mwingine, jamaa wa yule mwenye miiba mieusi anayemchoma mguu kila mtoto wa Unguja. Kila seli ikatoa mtoto mzima, mdogo tu kwa umbo. Huku ikaonekana hakuna kilichoandikwa, seli inaitazama hali yake na kujipanga upya. Driesch alishangazwa na jambo hilo kiasi cha kuiacha zuolojia na kuingia kwenye falsafa.

Basi kwa miaka mingi asidia akawa mfano wa upande mmoja wa ubishi: kiumbe ambaye hatima ya seli zake imo ndani yake. Damu ni damu.

Nusu ya maneno hayo ni kweli, na ushahidi wake una jina la kumchekesha Mswahili. Mwaka 2001 Wajapani wawili, Hiroki Nishida na Kaichiro Sawada, waliitambua ile amana inayofanya misuli. Jeni yake inaitwa macho-1. Haihusiani na macho, kazi yake ni misuli. Mama huitengeneza nakala ya maelekezo ya jeni hiyo na kuiweka ndani ya yai kabla baba hajaingia. Baada ya yai kurutubishwa, nakala hizo hukusanyika upande mmoja wa yai. Seli zitakazozirithi huwa misuli ya mkia. Ukiziondoa, misuli hiyo haitokei. Ukizitia kwenye seli nyingine, seli hizo nazo hugeuka misuli.

Nusu ya pili ndiyo iliyonigusa. Notokodi, ule ufito unaotuunganisha na asidia, haumo kwenye amana ya mama peke yake. Kila seli ya kiinitete ina jeni zote, na kinachotofautisha ni zipi zinazofunguliwa. Ili jeni za notokodi zifunguliwe, lazima jirani aseme neno. Jirani hutoa protini inayoitwa FGF, na seli inaipokea kwa kipokezi kilichoko kwenye utando wake. Ujumbe unapita ndani hadi kwenye jeni. Bila FGF notokodi haiundiki kama inavyotakiwa. Na ishara hiyo hiyo ikifika kwenye seli za upande wa pili wa kiinitete huzielekeza kuwa neva. Neno ni moja, lakini wanaolisikia wamebeba amana tofauti, kwa hiyo wanalifuata kwa namna tofauti.

Kuna seli nyingine zinazonisisimua zaidi. Seli mama moja hugawanyika na kutoa ndugu wawili. Wote wawili wanaisikia FGF. Lakini mmoja anagusana na majirani wanaotoa ishara nyingine, efrini, inayozima ile ya kwanza. Huyo anakuwa neva. Mwenzake, ambaye hakuzimwa, anakuwa notokodi. Mama mmoja, siku moja, jeni zile zile. Kilichowatenga ni ukuta waliopakana nao.

Mwaka 2020 watafiti waliovipiga picha viinitete vya asidia seli kwa seli walionyesha kwamba kiasi cha ishara kinachoisukuma seli kinategemea sana ukubwa wa eneo inalogusana na jirani. Nilisoma hilo nikiwa nimekaa kwenye baraza, Kikwajuni, nikafikiria nyumba za Mji Mkongwe zinavyoegemeana, na ugomvi wa nyumba moja unavyosikika nyumba ya pili.

Hapa najizuia. Binadamu si seli, na sitaki kuifanya hadubini iwe sheha wa mtaa. Lakini Zanzibar ina sababu ya kuliogopa swali la "mtoto wa nani" likibaki peke yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni iligawa chakula kwa kadi zilizofuata asili ya mtu, na nani apate mchele na nani asipate ikawa suala la nasaba iliyoandikwa ofisini. Watu walipangwa kama vichupa vya spiriti. Tunajua siasa za miaka iliyofuata zilitufikisha wapi.

Naona pia hasara nyingine, ndogo kwa kuitazama. Napoli ilipata kituo chake cha utafiti wa bahari mwaka 1872, Woods Hole mwaka 1888. Huko mtu aliweza kukaa kando ya maji na kumtazama kiumbe hai akikua. Sisi tulikuwa na bahari yenye joto na asidia kwenye kila gati na mizizi ya mikoko, lakini kilichochukuliwa kwetu kilikuwa kimeshakufa. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa hapa Unguja mwaka 1978 tu. Mtoto wa Malindi anayesoma baiolojia leo anaifahamu notokodi kwa mchoro wa kitabuni, na mnyama mwenyewe amejibandika chini ya mashua ya mjomba wake.

Wiki iliyopita nilirudi bandarini. Nikamweleza fundi yote hayo: mkia, ufito, amana ya mama, neno la jirani. Alisikiliza huku mkono unaendelea kukwangua.

"Kwa hiyo huyu ndugu yetu?"

"Ndugu yetu, babu."

Akakiokota kifuko kimoja, akakitupa kwenye kidimbwi cha maji yaliyobaki nyuma ya usukani.

"Haya, akakae huko. Chomboni mwangu hana nafasi."

Kisha akaniuliza, kama vile anauliza saa: "Na weye, nani kakulea?"

Nikamtajia jina la bibi. Akaacha kukwangua. Alimjua. Walikaa nyumba za kupakana, Malindi, kabla sijazaliwa.