Teleka Aliyepewa Sifa ya Supu Isiyo Yake

Kama umewahi kusoma vitabu vya kilimo, neno esculenta si geni kwako. Muhogo ni Manihot esculenta, magimbi ni Colocasia esculenta. Ni Kilatini, maana yake "kinacholiwa". Hapo hatuna ubishi.

Sasa twende Asia ya Kusini-Mashariki. Kuna teleka mdogo, sentimita kumi hivi, mgongo mweusi wenye mng'ao wa buluu, tumbo jeupe. Kutwa yuko angani anakamata wadudu. Jina lake? Collocalia esculenta. Anayemla ni nani?

Kinacholiwa, kusema kweli, ni kiota. Wachina wamepika supu ya viota vya teleka kwa karne nyingi, ila ni vile vilivyojengwa kwa mate yaliyokauka. Huyu wetu anajenga kwa nyasi na nyuzi za mimea, mate yake ni gundi tu. Nani atachemsha manyasi?

Kosa lilianza 1758. Linnaeus, Mswidi aliyempa jina, hakuwahi kufika Asia. Alitegemea maandishi ya wengine, akiwemo Rumphius aliyeishi kisiwa cha Ambon. Basi habari za viota vinavyoliwa zikaunganishwa na maelezo ya ndege mwenye madoa meupe mkiani. Madoa ni ya teleka wetu, supu ni ya mwingine!

Na huyo mwingine naye hakupona. Mwaka 1812 Thunberg, mwanafunzi wa Linnaeus, alimwita fuciphagus, yaani "mla mwani". Enzi hizo wengi waliamini viota vile vimetokana na mwani wa baharini. Kumbe naye anakula wadudu.

Utauliza, mbona hawajarekebisha? Kanuni inasema jina lililotangulia kuchapishwa kwa utaratibu ndilo linabaki, hata kama maana yake haimfai mnyama. Inakera, lakini ina sababu. Kila kizazi kikibadilisha majina, mtafiti wa leo atajuaje kwamba ndege wake ndiye yule aliyeandikwa miaka 200 iliyopita?

Kwa hiyo jina la kisayansi lichukulie kama namba ya simu: linakufikisha kwa mhusika, tabia zake utazijua ukimchunguza mwenyewe. Siku ukikutana na esculenta mwingine, muulize kwanza anayemjua, ndipo uwashe jiko.