Mshenga wa Kwenye Luninga

Waandishi chipukizi tukikutana hupenda kutajiana vitabu vizito. Hakuna anayetaja vipindi vya uchumba vya kwenye luninga. Leo navitaja mimi, kijana niliyemaliza kidato cha nne, mwenye riwaya isiyokwisha chini ya godoro. Naviangalia kwa kujificha, kama mtoto mwenye kopo la sukari, na utamu wake una mafunzo. Hebu tuanzie kwenye historia.

Mwaka 1965 huko Marekani, kituo cha ABC kilianza kurusha The Dating Game, kipindi alichokibuni Chuck Barris. Mpango wake ulikuwa rahisi: mwanamke mmoja, wanaume watatu, na kizuizi katikati. Mwanamke anauliza, anasikia majibu, haoni sura, anachagua. Basi! Mtazamaji anaona pande zote mbili, mchaguaji anaona upande mmoja tu. Hapo ndipo roho ya mtu inapodunda, na watunzi wa tamthilia wanaijua mbinu hiyo tangu zamani.

Lakini kizuizi kilificha mengi. Mwaka 1978 alishiriki Rodney Alcala, mtu aliyekwisha kufungwa kwa kosa la kumdhuru mtoto. Alichekesha ukumbi, akachaguliwa. Yule dada alipoongea naye baada ya kipindi, moyo ukamkataa, hakutoka naye. Baadaye mahakama zilimtia Alcala hatiani kwa mauaji ya watu kadhaa.

Barris naye alikuwa mwenzetu wa kalamu. Alitoa riwaya mwaka 1974, na mwaka 1984 akatoa kitabu cha maisha yake akidai alikuwa muuaji wa siri wa CIA. CIA wakakana. Kwa hiyo ukweli na uongo vilikaa nyumba moja tangu kwa mwasisi mwenyewe.

Mwaka 2002 ikaja The Bachelor: mwanamume mmoja, wanawake 25, na maua ya waridi. Asiyepewa ua anafungasha virago. Trista Rehn alifika mwisho akaachwa kwenye mataa. Mwaka 2003 akapewa The Bachelorette, safari hii yeye ndiye mchaguaji, na mwaka huohuo akaolewa na Ryan Sutter mbele ya kamera. Mmeona, washkaji? Mhusika wa pembeni akipewa nafasi, hadithi nzima inageuka.

Sasa tumtazame mtayarishaji. Kwetu mshenga hubeba maneno kati ya nyumba mbili. Akitia chumvi, posa inavunjika na aibu inakuwa yake. Mtayarishaji ni mshenga ambaye chumvi ndiyo inayomlipa mshahara. Anaweza kukata sauti ya leo akaiunga na ya juzi, ikatoka sentensi ambayo mtu hakuitamka, na mtu huyo akarudi kwao akiwa adui wa taifa zima. Sarah Gertrude Shapiro, aliyefanya kazi kwenye The Bachelor, aliyajua mambo hayo kwa ndani. Mwaka 2015 alishiriki kuunda tamthilia ya UnREAL, inayohusu watayarishaji wa kipindi cha namna hiyo.

Mwaka 2020 kizuizi kilirudi katika Love Is Blind ya Netflix: watu wanaposana bila kuonana. Mwaka 2022 mshiriki mmoja alifungua kesi akilalamikia saa nyingi za kazi na malipo kiduchu.

Hapo ndipo raha yangu inapoingia mchanga. Mimi pia hukata na kuunga. Katika riwaya yangu yumo msichana mchonganishi, na sauti yake nimeiazima kwa binti mmoja wa mtaani kwetu. Mhusika wa karatasi hana mama wa kuona aibu sebuleni, ila binti yule anaye, na mtaa wetu ni mdogo. Nimeamua kumpa mhusika huyo sura nzima ya kujieleza, kitu ambacho mshenga wa luninga huwanyima watu wake. Na ajabu, tangu nimpe nafasi hiyo, yeye ndiye anayeikokota riwaya.

Vijana wenzangu, viangalieni vipindi hivyo bila kuona haya, kalamu ikiwa mkononi. Kila mnapomchukia mtu, jiulizeni: maneno yake yaliyokatwa yalikuwa yapi? Andikeni hayo.