Hallstatt: Mji Uliozaliwa na Chumvi

Mtalii wa siku moja anayekwenda Hallstatt, Austria, kwa treni hashuki mjini. Anashuka kwenye kituo kidogo upande wa mashariki wa ziwa, anateremka hadi gatini, na feri inamvusha. Reli ilipita upande huo mwaka 1877. Ng'ambo, nyumba zimebanana kwenye ukanda mwembamba kati ya maji na ubavu wa mlima. Barabara ya kuzifikia kutoka kaskazini ilipasuliwa mwambani mwaka 1890. Kabla ya hapo watu na shehena walipita ziwani kwa mashua, au kwa vijia vyembamba.

Kwa nini watu wang'ang'anie mahali ambapo hata shamba la viazi halina pa kukaa? Jibu liko juu ya mapaa, kwenye bonde ambalo leo hufikiwa kwa gari la reli linalovutwa kwa waya. Mlima huo una chumvi tumboni, na imechimbwa humo tangu zama za kale mno. Mwaka 2003 wachimbuaji waliikuta ndani ya mgodi ngazi ya mbao ya mita 8. Pete za miti yake zinaonyesha kuwa ilikatwa mwaka 1344 na 1343 KK, na bado mtu angeweza kuikanyaga. Chumvi, ambayo wachimbaji waliitafuta kwa kuhifadhia nyama, imehifadhi pia mali yao: mifuko ya ngozi ya kubebea mgongoni, vipande vya nguo, vijiti vya mwanga, hata vinyesi. Uchunguzi wa vinyesi hivyo uliotangazwa mwaka 2021 uligundua kuvu wa aina inayotumika kutengeneza jibini la buluu, pamoja na hamira ya bia. Mlo wa mchimbaji wa miaka 2,700 iliyopita haukuwa wa kuhurumiwa.

Mwaka 1734 mgodi ulimtoa mtu mzima. Maiti yake ilikuwa imekandamizwa ndani ya mwamba na kukaushwa na chumvi, na wanakijiji wakaizika.

Makaburi ya watu hao wa kale yaligunduliwa mwaka 1846 na Johann Georg Ramsauer, msimamizi wa mgodi ambaye hakuwa msomi wa mambo ya kale. Hadi mwaka 1863 alifukua makaburi karibu 980, na jambo lililomtofautisha na wafukuaji wengi wa wakati wake ni uangalifu: kila kaburi lilichorwa kwa rangi, mifupa na vitu vikiwa mahali vilipolala. Humo mlikuwamo shaba, chuma na kaharabu kutoka pwani ya Baltiki. Upanga mmoja una mpini wa pembe ya ndovu, na ndovu hakuwahi kula nyasi za malisho ya Alpi. Chumvi ilinunua vyote hivyo. Si ajabu kwamba wanaakiolojia walilichukua jina la mji huu mdogo na kulipa zama nzima za Ulaya ya kati, takriban 800 hadi 450 KK.

Kuchemsha maji ya chumvi hula kuni bila huruma, na misitu ya jirani ilipoanza kupungua, watawala waliamua kuyapeleka maji kwenye kuni. Kati ya 1595 na 1607 lilijengwa bomba la kilomita 40 hadi Ebensee, kwa magogo 13,000 yaliyotobolewa katikati na kuunganishwa. Wengi huliita bomba la kwanza la viwandani duniani. Sehemu ya njia yake sasa ni ya kutembea kwa miguu, na anayeipita hupata mandhari aliyoyafuata pamoja na somo la uhandisi asilolitarajia.

Uhaba wa ardhi uliwafuata hata marehemu. Makaburi yalilazimika kutumika tena, kwa hiyo mifupa ilitolewa, mafuvu yakasafishwa na mengine kupambwa kwa majina na maua. Katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli yamepangwa mafuvu kama 1,200, zaidi ya 600 yakiwa na rangi. La mwisho liliwekwa mwaka 1995.

UNESCO iliuingiza mji na mandhari yake kwenye urithi wa dunia mwaka 1997. Mwaka 2012 kampuni ya China ilizindua nakala ya mji huo huko Guangdong, jambo lililowashangaza wenyeji kwanza, kisha likaongeza wageni. Siku za msimu idadi yao hufikia 10,000, ilhali wakazi hawafiki 800. Tangu mwaka 2020 mabasi ya watalii yanapaswa kuweka nafasi kabla ya kuingia. Hayo hayakuwatosha wenyeji. Agosti 2023 waliziba kwa muda njia ya chini ya mlima iendayo mjini, wakidai idadi ya wageni iwekewe kikomo na mabasi yasiingie baada ya saa kumi na moja jioni.